Nusu ya Uso Wangu Kwenye Gari la Udongo

Mume wangu, Kaziu, alichukua uso wangu akauweka kwenye gari bila kuniomba. Tena hakuuchukua wote. Alichukua nusu, nusu nyingine akaichukua kwa Jadzia, muuza mikate wa mtaa wetu hapa Hamtramck, Amerika.

Kaziu hufinyanga magari. Wachoraji wa kampuni wakishachora, yeye na wenzake hulijenga gari zima kwa udongo, ukubwa uleule, ili wakubwa walitazame kabla chuma hakijakatwa. Mengi huishia hapohapo. Na kwa kuwa wakubwa hawajui wanachotaka, gari moja hupewa sura mbili, kushoto hivi na kulia vile, kisha wao wachague.

Mwaka ule wakubwa walitaka kusikia wanawake wanasemaje, wakatuita sisi wake wa mafundi. Tukavaa kofia za kanisani, tukaenda. Turubai lililofunika gari likavutwa.

Genia, jirani yangu, akanibinya mkono. "Shoga, hili gari umelikosea nini? Linakutazama kama unavyomtazama Kaziu akichelewa."

Kushoto, juu ya taa, palikuwa na nyusi nene zilizokunjwa. Mdomo umebanwa. Kwenye grili, zile fito za mbele ya gari, meno yote yapo ila moja, palepale nilipo na pengo. Kulia, taa imefumbuka kama jicho la mchumba, mdomo umeinuka pembeni, na kwenye bampa kuna kishimo cha shavuni. Kishimo hicho hakuna mwanamume wa Hamtramck asiyekijua. Ndipo nilipoelewa kwa nini mume wangu huja na mkate kila jioni, na mimi mwenyewe naoka.

Mkubwa akaeleza. "Kushoto tuliagiza sura ya kuogopwa. Kulia, ya kupendwa. Mama, wewe ungenunua ipi?"

Aliniuliza mimi. Nikaona barabara zote za Amerika zimejaa Jadzia.

"Kushoto," nikasema.

"Kwa nini?"

"Hilo la kulia linamchekea kila mtu. Gari la namna hiyo huibwa."

Wanawake wakaangua kicheko, mikono ikanyooka kwa upande wangu. Kaziu alisimama ukutani na kikwangulio chake, anakagua dari. Wakubwa wakatushukuru, wakatupa kahawa, wakachagua kulia.

Nyumbani nikamkalisha. "Haya, jieleze."

"Bronia, uso wako ndio ulionitoa jasho. Ule mwingine niliumaliza kabla ya chai."

"Kwani mimi sicheki?"

Akachovya mkate kwenye supu. "Unacheka. Ila unaziba mdomo, kwa sababu ya lile pengo. Ningefinyanga nini, kiganja?"

Pengo lenyewe nililipata siku tuliyohamia hapa. Tulikuwa tunapandisha jiko ngazini, yeye akaachia upande wake ajikune.

Majira ya baridi hayajaisha, kampuni ikaliacha gari lote. Udongo ukakwanguliwa, ukarudishwa kwenye oveni ulainike kwa gari jingine, na mimi na Jadzia tukapikwa pamoja. Yeye simdai kitu. Hakuulizwa, kama mimi, na mkate wake si mbaya. Wakubwa nao niliwasamehe, hawakujua ni uso wa nani walioukataa.

Kaziu ndiye ninayemdai. Namdai jino moja, na upande wa kulia, ule wa kupendwa.