Pengo kwenye Ua wa Minyaa

Nilifika kwenye makazi ya wazee, nje kidogo ya Kishapu, nikitokea Segese, kwenye maduara ya kuchimba dhahabu. Nilikuwa nimechoka kushuka mashimoni, nikatafuta kibarua cha juani. Shule niliiacha mapema. Cheti sina, nina mikono na udadisi. Msimamizi mpya, mama mchangamfu, alinipa panga na kunionyesha ua wa minyaa uliozunguka nyumba zote.

"Hapa pamekaa kama gereza," alisema. "Nataka majirani waingie, wachote maji kwenye pampu yetu, wapige soga na wazee. Toboa hapa."

Nikatoboa. Utomvu wa minyaa unaunguza macho, kwa hiyo nilikata nikiwa nimegeuza uso. Ndiyo maana sikumwona bibi aliyekuja kusimama nyuma yangu.

"Unamfungulia nani?"

"Shikamoo, mayu. Nawafungulia majirani."

Alikitazama kijia kilichoonekana upande wa pili, akarudi chumbani. Punde nikasikia kitanda kikiburutwa kuziba mlango.

Habari zake nilipewa na mzee mwenzake. Macho ya bibi yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa huku waliopikia kwa moto wa samadi ya ng'ombe, wenye moshi mkali, maisha yao yote. Kijijini kwao mtoto wa jirani alikufa kwa homa, na siku moja kabla bibi alikuwa amempakata. Watu wakaunganisha homa na macho, wakamwita mchawi. Alitoroka na nguo aliyovaa. Usukumani hakuna asiyejua maneno kama hayo huishia wapi. Nimekua nikiyasikia, na hata mimi nilipompelekea maji nilijikuta natazama miguu yake, si uso.

Mwanzoni hakuja mtu. Wazee walikaa mbali na pengo, na wanakijiji nao walishika njia ndefu ya kuzunguka. Nilikuwa nasimama pale na panga langu nikijiuliza nani anamwogopa mwenzake zaidi.

Kisha kisima cha kijiji kikakauka. Asubuhi moja akaingia mama kijana na ndoo, mtoto mgongoni. Bibi alikuwa karibu na pampu akichambua mlenda.

"Mwangaluka, mayu," mama alimwamkia.

"Mwangaluka," bibi akajibu kwa sauti ndogo.

"Nishikie huyu kidogo. Pampu yenu ina kiburi kama dume la ng'ombe."

"Mweke chini."

"Kwenye tope, mayu? Ana makalio mawili tu huyu, nikiyachafua nitampa yapi?"

Wazee wakacheka. Bibi hakucheka. Kabla hajakataa tena, mtoto alikuwa mapajani mwake. Alimshika, mikono yake ikiwa imekakamaa, uso ameuelekeza ukutani, macho yake yasikutane na ya mtoto.

Kesho yake mama yule hakuja. Wala kesho kutwa. Bibi aliacha kula. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akanifuata.

"Ziba."

"Mayu, labda ana kazi zake."

"Mtoto ana homa. Ziba, mwanangu, kabla hawajaja."

Msimamizi alikuwa amekwenda Mhunze, na sikuwa na wa kumuuliza. Nikakata miiba. Nilikuwa naiburuta kuelekea kwenye pengo niliposikia sauti za watu kijiani, wengi, wakija kwa haraka. Miiba ikanidondoka. Bibi alikaa chini palepale, akajifunika macho kwa kanga.

Alikuwa yule mama, na majirani zake wawili, kila mmoja na ndoo. Alikuwa amekwenda mnadani, akapitia kwa mama mkwe wake. Mtoto alikuwa mgongoni, anafyonza kipande cha kiazi kikavu.

"Miiba ya nini?" akaniuliza. "Mmeanza kufuga simba?"

Akamwona bibi, akaliona furushi, na utani ukamwisha. Akamfungua mtoto mgongoni.

"Mayu, mpokee."

"Mguse paji la uso kwanza," bibi alisema kutoka ndani ya kanga. "Ana joto?"

"Hana."

"Sema wasikie."

"Hana joto!"

"Na hao wenzio wamguse."

Wakamgusa, mmoja baada ya mwingine, wakasema hana. Hapo ndipo bibi alipofunua uso na kunyoosha mikono.

Tangu siku ile ndivyo inavyofanyika pampuni kwetu. Wanawake wanakuja, wanasukana nywele kivulini, wanawaachia wazee watoto wao, na msimamizi anasema sasa pamekuwa nyumbani. Pengine ni kweli. Lakini hakuna mtoto anayepokewa kabla mama yake hajapaza sauti kwamba hana joto.

Nilipanga niende Geita, bado nipo. Kila asubuhi, kabla ya kumpokea mtoto, bibi ananitafuta kwa macho yale mekundu ahakikishe nimesikia. Sasa namtazama usoni, nainua mkono. Furushi lake lipo chini ya kitanda, bado limefungwa.