Bustani ya Maonesho na Neno "Yaacheni"

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, Makandana, hapa Tukuyu, ilimpoteza mwanamke aliyekuwa akitupangia maonesho ya maua ya mji wetu. Wengi wenu mnaosoma safu hii mlimfahamu kwa sura. Ni yule mama mrefu aliyekuwa akipiga magoti uwanjani, ndoo pembeni, akiweka petali moja moja chini kama mtu anayechambua mchele. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa hakupenda kutajwa. Hatukuwa ndugu, wala sitajifanya rafiki yake wa kufa na kuzikana. Tulifahamiana kwa sababu ya kazi yake na ya kwangu. Nimekuwa nikiahirisha kuandika haya siku nzima, na hata sasa naandika nikiwa nimechoka, kwa hiyo mtanivumilia.

Kwa msomaji asiyeyajua, maonesho yetu ni ya siku tatu tu. Watu wa mjini na wa vijijini huleta maua na majani, na juu ya ardhi tupu hupangwa picha. Hakuna gundi, hakuna turubai la kuzuia mvua, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Mwaka wa kwanza alitengeneza Ziwa Kisiba. Maji aliyapanga kwa yale maua ya buluu yanayoota mafungu makubwa kama kichwa cha kabichi, msitu wa kulizunguka akautengeneza kwa majani ya chai, na katikati akaweka mtumbwi mmoja wa ganda la mgomba. Nimefika ziwani mara nyingi, lakini sikumbuki kama niliwahi kulitazama kwa muda mrefu kama nilivyolitazama lile la maua. Siku ya tatu jioni alilifagia lote likaenda shambani kuwa mbolea. Nilimuuliza kama hakuumia. Akasema, "Kaka, ndizi zako za jana ulizila zikaisha. Uliumia?"

Mwaka huohuo aliniomba nimwandikie tangazo la kusomwa makanisani, msikitini na kwenye gari la vipaza sauti. Mimi niliishia darasa la saba, na kwa miaka mingi matangazo niliyowaandikia majirani yalikuwa ya aina moja tu. Mkono ukaenda ulikozoea. Niliandika kwamba wananchi wote wa Msasani, Makandana, Kisiba na vitongoji vyake wanatangaziwa kuwa Ijumaa saa tatu asubuhi tutakutana uwanjani kwa ajili ya maua. Akina mama wanaombwa kufika mapema. Na habari hii iwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Nililisoma tena nikaona limekaa vizuri. Yeye naye alilisoma, asione kasoro.

Ijumaa wakaja. Walikuja akina mama na mizigo ya kuni, mikungu ya ndizi na maharage kwenye visado, kanga zimefungwa kiunoni, wakitembea polepole na kuongea chini chini. Wanaume walikwenda kukaa upande wao. Na walipofika walikuta nini? Mstatili mrefu wa maua juu ya ardhi, na mwanamke amepiga magoti kando yake. Wawili watatu wakaanza kulia. Bibi mmoja kutoka Kisiba alitua kuni zake, akafuta uso, akamsogelea.

"Poleni, mwanangu. Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu, bibi. Ni maua tu."

"Maua tu, bila mtu?"

"Bila mtu."

Bibi akayatazama maua, akazitazama kuni. "Na mimi niliyelia tangu kule mtoni, nilikuwa namlilia nani?"

"Hicho ni kilio cha akiba, bibi," mama mwingine akasema nyuma yake. "Ukifiwa utaanzia hapo."

Kicheko kilipasuka uwanja mzima, na bibi mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani kuondoka. Mwenye maonesho hakunigombeza. Aliwasha moto kwa kuni zilezile, ndizi zikapikwa, na watu waliokuja kuzika wakabaki wakila na kulizunguka ziwa, wakibishana kama rangi ya maji ni ile au si ile. Bibi wa Kisiba alipoondoka alisema "ndaga fijo", ile asante ya kwetu ya kutoka moyoni, na kesho yake akarudi na maua meupe ya bondeni, kapu zima. Mwenye maonesho akaniambia, "Kaka, umeniitia watu wengi kuliko ambavyo ningewaita mwenyewe."

Kosa lilikuwa langu, lakini nimeliwaza sana tangu siku ile. Ardhi ya Rungwe ukichomeka kijiti kinachipua. Maua yamejaa kwenye wigo na pembeni mwa migomba, na hatuyaoni mpaka atokee mtu wa kuchimbiwa kaburi. Vijana wana msemo wao, "mpe maua yake", maana yake msifu mtu anayestahili. Wanauandika kwenye simu kutwa, na sidhani kama wengi wao wamewahi kumkatia mtu ua la kweli. Siwalaumu, maana hata mimi sijawahi. Marehemu alikuwa amefunga mashada ya misiba kwa miaka mingi, na ndiyo kazi iliyomlisha na kumsomeshea binti yake. Siku moja alinieleza kwa nini alianzisha maonesho. Alisema amechoka kukata ua huku akijua ni nani amekufa. Alitaka angalau mara moja kwa mwaka akate maua mengi, mengi sana, na asiwe na mtu wa kumfikiria.

Kwa ajili hiyo, mwaka huu alipanda bustani ya pekee nyuma ya nyumba. Dalia nyekundu na njano, waridi, na yale ya buluu. Aliiita bustani ya maonesho, na kwa miezi yote hakukata humo hata ua moja la shada. Waliokuja kununua aliwakatia mbele ya nyumba. Kisha akaugua, na maonesho yakiwa yamebakiza siku chache akalazwa.

Nilikwenda kumwona Jumapili. Binti yake alikuwa ametoka kutafuta uji. Mimi huwa siwezi kukaa kimya mbele ya mgonjwa, kwa hiyo niliongea. Nilimwambia dalia zimefunguka zote. Nilimwambia kamati inauliza kama maonesho yaendelee. Nilimwambia maneno ya watu, nani kasema nini, nani ameahidi kuleta majani. Alifumba macho akasema, "Yaacheni." Nikasema sawa. Akalala. Mlangoni nilikutana na binti nikamwambia, "Mama amesema yaacheni," nikaenda zangu. Jumanne akafariki.

Alasiri ya siku hiyo familia ilikaa kikao, nami nikaitwa niandike tangazo la msiba. Kaka mkubwa wa marehemu alisema bustani ya nyuma ikatwe yote kwa ajili ya jeneza na kaburi. Binti akasimama.

"Mjomba, mama alisema yaachwe. Baba huyu alikuwepo."

Mjomba akanigeukia. Si mtu mbaya, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ndugu yangu, alisema yaacheni nini? Maua, au maonesho?"

Wote wakanitazama. Na hapo ndipo nilipoona kwamba sikujua. Kwa lugha yetu neno lile linabeba vyote: maua yaacheni, maonesho yaacheni, maneno yaacheni. Inawezekana alikuwa akisema dalia zake zisiguswe. Inawezekana alikuwa akisema tuachane na maonesho. Na inawezekana alikuwa akiniambia mimi nifunge mdomo apumzike, na kwa jinsi nilivyokuwa nikiongea, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilijua wazi kwamba nikitamka "maua", bustani itapona na binti atapata alichokuwa akikitetea. Nikasema, "Sijui."

"Kama shahidi hajui," mjomba akasema, "basi tufanye kama watu. Dada yangu amefungia mashada mji mzima. Leo nimlaze kwenye udongo mtupu? Nitatazamana na nani?"

Jumatano mchana akina mama waliingia bustanini na visu, na mimi nilishika ndoo, kwa sababu kila mtu alikuwa na kazi na hiyo ndiyo niliyopewa. Maua aliyoyapanda ili yakatwe bila mtu kufa yalikatwa kwa ajili yake. Alhamisi kaburi lilipendeza kuliko kaburi lolote nililowahi kuliona Makandana, na lazima niliseme hilo pia, kwa kuwa ni kweli. Kamati imesogeza maonesho mbele mpaka maua mengine yachanue. Wenye maua majumbani wanaombwa wayatunze, hata yawe machache, hata yawe ya kwenye wigo. Mkiweza kuja, njooni na maua tu, bila kuni.

Tangu kikao kile watu wawili wamenipongeza kwa kusema ukweli. Sijaona cha kupongeza. Ukweli wangu ulikuwa umechelewa siku mbili. Pale hospitalini palitosha swali la neno moja, "Yapi?", na alikuwa bado ana pumzi ya kulijibu. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nina mengi ya kusema, na "sawa" ilikuwa rahisi. Nimejifunza kwamba kusema "sijui" kwa uaminifu hakumsaidii sana mtu, ikiwa ulipaswa kujua ukaacha kuuliza. Kama una mgonjwa wako, na amekuambia neno moja, kaa kidogo umuulize la pili.

Jumamosi nilirudi kutoa pole. Nilimkuta binti bustanini, kati ya mashina yaliyokatwa, akiondoa majani makavu.

"Baba, ungesema tu maua," akaniambia bila kuinua kichwa.

"Ningekuwa nimedanganya."

"Najua. Wewe sijakukasirikia. Nimekasirika tu."

Baadaye akafukua kidogo kwa vidole, akanionesha kwamba viazi vya dalia viko hai chini ya udongo, kisha akaingia ndani akatoka na majembe mawili. Akanipa moja, akanionesha mstari wa kuanzia, na tukapalilia mpaka mvua ilipotuondoa.