Mwanamuziki Aliyetubu kwa Kiswahili

Nilimpenda yule mwimbaji wa roki kabla sijampenda mume wangu. Sauti yake ilinifikia kwenye santuri nikiwa ningali shuleni kwa masista, nikadhani mtu mwenye sauti ile lazima ana moyo. Msichana huamini mambo mengi.

Kitabu cha maisha yake, cha Kifaransa, mume wangu alipewa na rubani mmoja pale Base ya Kamina, kambi ya ndege za jeshi. Mume wangu alikuwa askari, mpiga gita wa orkesta ya kambi, na Kifaransa chake kilikuwa cha amri tu: simama, geuka, tembea. Basi jioni nilimsomea nikimgeuzia kwa Kiswahili, kitabu nimekiegemeza juu ya tumbo la miezi minane. Orkesta ilikuwa imeitwa Kinshasa kupiga kwenye sherehe za Chama kilichotawala nchi, naye alikuwa hajaamua kama ataenda au atangoja mtoto azaliwe.

Na upuuzi ulioje humo ndani. Kurasa nne juu ya viatu vyake vya ngozi ya nyoka. Sura nzima juu ya mbwa. Kisha mstari mmoja: wakati huo nilipata mtoto, nilikuwa safarini. Nikainua macho. Mume wangu alikuwa anatabasamu.

"Mama, soma tena pale anavunja gitare," akasema.

Nikaogopa. Niliona wazi kitabu kile kinanichukulia mume. Kesho yake nikaanza kukisoma nipendavyo mimi. Kinywani mwangu yule bwana aliacha ziara katikati, akarudi nyumbani, akambeba mwanawe, akalia. Nilimliza vizuri kuliko alivyostahili.

"Njo vile baliandika?" akauliza, kama kweli ndivyo ilivyoandikwa.

"Njo vile."

Mume wangu akasonya. "Basi huyu muzungu haiko artiste. Iko mupumbavu tu. Miye siwezi kuwa sawa yeye."

Wiki ile ile akapanda ndege ya jeshi na gita lake. Hakurudi.

Kitabu nilikimaliza peke yangu, nikinyonyesha. Mwishoni bwana mkubwa anatushukuru sisi mashabiki: bila ninyi nisingekuwa kitu. Hapo tu hakudanganya. Karatasi ya kitabu ilikuwa laini, na mwanangu alipoanza kuharisha nilichana kuanzia ukurasa wa kwanza.