Mkunga wa Kolwezi anayewakutanisha padri na pasta

Saa mbili asubuhi, Domitille Kalumba anafuta benchi la kliniki ya uzazi mjini Kolwezi, kusini mwa Kongo, huku akiimba. Mume na mke wanaingia. Kabla hawajakaa, anawauliza, "Munasali wapi?"

Swali hilo halimo kwenye fomu. Mkunga huyu wa miaka 51, Mkatoliki, amejifunza kuliuliza katika miaka 24 ya kazi.

"Mutu anakuja na tumbo, lakini anakuja na kanisa yake pia," anasema, akicheka.

Mwaka jana alimpokea Mignonne, Mmethodisti, na mumewe Stany, Mkatoliki anayechimba shaba. Mignonne alikuwa na mimba ya nne baada ya kupasuliwa mara tatu. Daktari alishauri afungwe mirija ya uzazi siku ya kujifungua, maana mimba nyingine ingeweza kumuua.

Stany alikataa katakata. "Mi siwezi kufanya zambi juu ya woga," alisema. Mkewe akalia.

Domitille akawaita Padri Lucien wa kanisa la Stany na Pasta Josée, mwanamke wa Kimethodisti, wakakaa na wanandoa hao katika chumba cha chanjo.

Padri hakuzunguka maneno. Kanisa lake haliruhusu kufunga kizazi, hata kwa kuhofia mimba ijayo; lakini halimlazimishi mtu kuzaa mfululizo. Wanaweza kujizuia siku za kushika mimba. Pasta akasema kwao uamuzi huo ni wa dhamiri ya mume na mke, wakimsikiliza daktari.

"Mon père, hesabu ya siku ikikosea, nani atamuzika huyu mama?" pasta alimuuliza padri. Wakabishana hadi chai ikapoa.

Ndipo Domitille akamgeukia Stany. "Baba, umesikia padri, umesikia pasta. Lakini umemuuliza Mama Mignonne?"

Hakuwa amemuuliza. Alipomuuliza, mkewe alijibu kwa sauti ndogo, "Mi nataka kuona batoto bangu banakuwa bakubwa. Ni ile tu."

Stany akainamisha kichwa, kisha akakubali.

Binti yao, Joyeuse, alizaliwa salama, kilo tatu na nusu, na mama yake akafungwa mirija. Padri Lucien anasema msimamo wake haujabadilika hata kidogo. Ndiye aliyembatiza mtoto. Stany bado humwendea kuzungumza naye jambo hilo.

"Lakini bibi yangu iko muzima," anasema kuhusu mkewe, akimrusha binti yake juu.

Tangu hapo, wanandoa 19 wamepitia chumba kile. Baadhi wamechagua kuhesabu siku, wengine kijiti cha kuzuia mimba kinachowekwa mkononi, wachache kufunga mirija.

Sasa Domitille anapanga kupeleka mazungumzo hayo katika mji wa Kasaji. Padri na pasta wamekubali kusafiri naye katika gari moja.

"Batabishana njia yote," anasema. "Mi nitalala."