Mishipa Isiyopishana

Wajawazito wengi wa Silibwet huenda kupigwa picha ya tumbo na swali moja tu: ni mvulana ama ni msichana? Molly Chepchumba, mpiga picha wa kliniki ndogo pale sokoni, hulijibu mwisho, tena akipenda. Yeye huanza na moyo. Watu hunung'unika kwamba anachelewesha foleni. Wanung'unike!

Siku alipolala kitandani Phelis, mchuma chai mwenye mimba ya miezi saba, Molly alikwama kwenye moyo wa mtoto. Mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni hupishana. Ya mtoto huyu ilikwenda sambamba, kama mistari ya michai. Akaangalia mara tatu, kisha akasema bila kuuma maneno: mtoto azaliwe Nairobi, karibu na madaktari wa moyo, la sivyo atakufa.

Mongina, mama mkwe wa Phelis, akachemka.

"Wewe ni daktari ama mganga? Huyu mtoto anapiga mateke kama punda! Mimi nimezaa tisa nyumbani, na hakuna mtu aliniangalia moyo."

Molly alikasirika, lakini alimeza hasira. "Anapiga mateke kwa sababu Phelis ndiye anampumulia, mama. Siku kitovu kitakatwa, atajipumulia mwenyewe, na hiyo hewa haitafika mwilini. Hapo tutakuwa na masaa tu. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni masaa mangapi?"

Mongina alihesabu kwa vidole. Akamshika Phelis mkono, akamwinua.

"Basi mimi ndio nitampeleka."

Mongina na Phelis wakaenda Nairobi wiki tatu kabla ya siku ya kujifungua. Mvulana alizaliwa na midomo ya bluu, akawakuta madaktari wamesimama na dawa mkononi, ya kumshikilia hai hadi apasuliwe. Siku ya tisa wakampasua kifua, wakaihamisha ile mishipa, kila mmoja mahali pake. Siku hizo zote, huku Silibwet, Molly hakula akashiba. Aliogopa, na haoni haya kusema.

Kisha siku moja simu yake ikalia pale kliniki, foleni ikiwa imejaa. Alikuwa Mongina, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote. Molly akafungua mlango, akaweka spika, wajawazito wote wasikie.

"Midomo imekuwa myekundu kabisa!" Mongina alipaza sauti. "Lakini analia, mwanangu, analia mpaka wodi nzima inalalamika!"

"Mwache alie, mama," Molly akasema, naye machozi yanamtoka. "Mwache alie."