Mgwisho Kizimbani

"Mwanangu, hiyo nyara ni kitu gani?" Mzee aliniuliza akiwa kizimbani, mimi nikiwa mkalimani wa mahakama mwenye digrii ya lugha.

Kazi hiyo niliianzia Musoma. Siku ya kwanza karani mkuu alinionyesha kiti changu, akasema, "Wewe ni bomba, dada. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Usiongeze sukari."

"Na neno ambalo halipo upande wa pili?"

"Wasomi bwana! Mtatuchelewesha mashauri."

Baadaye nilihamishiwa Bunda. Huko kesi nyingi zilitoka porini: nyama kavu, ngozi, pembe. Vyote sheria ilivibeba kwa neno moja la wawindaji wa Kizungu, trofii, lile wanaloliitia kichwa cha nyati walichokitundika ukutani. Kiswahili cha mahakama kikasema nyara za Serikali. Kwa Kizanaki, lugha ya kwetu Butiama, nilizunguka tu: kitu cha mnyama wa porini ambacho Serikali inasema ni chake.

Mzee huyo hakukamatwa porini. Alikuja mahakamani kumdhamini mpwa wake, ameshika mgwisho, ule mkia wenye mpini ambao wazee wetu huurithi na kuushika wakienda mbele ya wakubwa. Kuja mikono mitupu angeona ni dharau. Askari wa wanyamapori, aliyekuja kwa kesi nyingine, akamsimamisha mlangoni.

"Mkia wa nini huo, mzee?"

"Wa nyumbu. Aliniachia baba."

Akakamatwa papo hapo. Siku ya kusomewa shitaka nilimwuliza mwendesha mashitaka kama kuna mtaalamu aliyeukagua mkia huo.

"Amekubali mwenyewe, dada. Ukaguliwe wa nini tena?"

Mzee alipolisikia neno nyara ndipo akaniuliza swali lile, kisha akaongeza, "Nyara zinachukuliwaga vitani. Mimi nimepigana na nani?" Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

"Mwambie afikiri vizuri, anaweza kufungwa. Ni wa nyumbu kweli?"

Nikatafsiri. Mzee akageuka kuwatazama wazee wenzake, waliojaa benchi la nyuma kwa ajili yake.

"Ni wa nyumbu," alisema kwa sauti. "Hawa wote wanaujua."

Akafungwa. Alipotoka hakwenda tena kwenye vikao vya wazee, na haukupita muda akafariki. Mimi niliacha kazi. Kwa miaka nililaumu neno lile, nikibishana na kila mwanasheria niliyekutana naye, kwamba mtu amefungwa kwa lugha ambayo si yake.

Juzijuzi nilikutana na binti yake huko Musoma, kwenye soko la Mwigobero, akinunua dagaa. Nikaanza kumweleza hoja yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mgwisho wa babu uliliwa na wadudu mimi nikiwa mdogo, dada. Baba akatengeneza mwingine kimyakimya, wenzake wasijue. Ule mliomfungia ulikuwa wa ng'ombe wetu mweusi."