Jina Lililoandikwa Kwenye Fishi ya Mama

Kuna Alhamisi moja ambayo naikumbuka, mwanangu nisiyekuzaa, wewe unayeuza sokoni kama nilivyouza mimi, hata siku nisizotaka kuikumbuka. Ilikuwa miaka ile ya tisini, kampuni ya migodi hapa Likasi ilipoacha kulipa watu wake, na sisi wanawake tuliozoea kungoja mshahara wa mume tukajikuta sokoni. Mimi niliuza unga. Nilitoka alfajiri, nikarudi jua limezama, na binti yangu Mado, wa miaka mitatu, nilimwachia mama yangu mjane aliyeishi nasi.

Nilimwachia, nikasahau. Tusidanganyane. Mama alipanga foleni ya maji na bidoni zake, akamwogesha mtoto, akamnywesha uji, akapeleka mahindi kusagwa, akatwanga sombe, majani ya muhogo. Alhamisi aliongeza hospitali, maana macho yalimsumbua. Alimfunga Mado mgongoni, akatembea. Jioni nilikuta bukari, ugali wetu, imefunikwa, nikala, nikalala. Watu wakiniuliza hali yake niliwajibu, "Mama anajiweza." Tena nilijisifu, kana kwamba kujiweza kwake kulikuwa kazi yangu.

Kisha vijiwe vikaanza kuonekana kwenye maharage. Jioni moja kimoja kiliniuma jino, nikamgombeza, mimi mtoto wake. Alisema pole tu, akaendelea kumlisha Mado. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mimi nilikuwa bado na kelele za soko masikioni.

Alhamisi ninayoisema, lori la unga halikuja, nikaamua kupita hospitali nimpokee mtoto. Niliwakuta mwisho wa benchi. Mado amelala mapajani mwa bibi yake, na mama anautazama mlango nilioingilia bila kunitambua. Muuguzi akaniuliza, "Weye ni nani wake?"

"Minye mutoto wake."

Akanionyesha fishi ya mama, ile karatasi ya mgonjwa. "Mara tatu munganga anamurudisha. Hatuwezi kumupasula macho bila muntu mukubwa wa kumulinda, na yeye kila mara analeta huyu."

Kwenye mstari wa mtu anayemsindikiza mgonjwa palikuwa pameandikwa, mara tatu, jina la Mado.

Nikamgeukia mama kwa hasira, maana mwenye hatia ana hasira za haraka. "Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Unaniulizaka kama nimeisha kupika," alisema taratibu, akiutafuta uso wangu. "Hauniulizake ninaenda na nani."

Mwanangu, sijapata kupigwa kofi zito kuliko hilo. Nilikaa naye hospitali juma zima. Jicho la kushoto liliokolewa. La kulia lilikuwa limechelewa, na mpaka anakufa aligeuza shingo ili anione. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu mama aliyabeba mgongoni kila Alhamisi, nami nisiyaone.

Leo bibi ni mimi. Mado yuko Lubumbashi anatafuta maisha, mtoto wake nimeachiwa, na wiki ijayo munganga anataka kunipima moyo. Mado akipiga simu huniuliza kama mtoto amekula. Namjibu amekula. Simu ikikatika nyumba inanyamaza, na ule upweke wa mama pale kwenye benchi naufahamu sasa, kwa sababu ninao. Nimekuwa nikisema moyoni nitamwambia wiki hii, halafu namsikia ana haraka, naacha.

Basi shika hili. Usiridhike kusikia kwamba mzee anajiweza; anayejiweza ndiye anayeachwa. Mwulize kesho anakwenda wapi, na anakwenda na nani, kisha siku moja funga meza yako ya soko ukakae naye kwenye benchi. Usingoje akuombe, maana haombi. Mungu akubarikie kazi ya mikono yako, akupe miguu ya kusindikiza, na zamu yako ya uzee ikifika, kwenye mstari ule liandikwe jina la mtu mzima.